Sindano za Mchumba wa Wifi

Mtu akikwambia kwamba mwanamume anayepasua mfupa wa paja la ng'ombe kwa pigo moja la shoka hawezi kuogopa sindano, usibishane naye. Mlete kwangu. Nitamkalisha kwenye kiti cha wateja, nimpe maji ya kunywa, nimsimulie habari za Bwana Bucha aliyetaka kumwoa wifi yangu, halafu aende zake akiwa ameelimika.

Nasema wifi yangu, ingawa kaka yangu aliyetufanya mawifi yuko chini ya udongo mwaka wa tisa huu. Watu wa kwetu waliniambia: kaka amekufa, uwifi umekwisha, achana naye. Thubutu! Uwifi si kitambulisho cha kazi, kwamba ukiachishwa unakirudisha ofisini. Kaka alipofariki ndipo tulipojua alikuwa na nini. Wifi akaenda kupima, akakutwa naye ana VVU, na kaburi halijakauka watu wakaanza kunong'ona nani alimletea nani. Niliwajibu wote kwa sauti ile ile ninayowajibia wateja wanaoleta kitambaa Alhamisi wakitaka gauni Ijumaa. Kisha nikahamia kwake na mto wangu. Tangu hapo tunaishi vyumba viwili na cherehani mbili: yeye anakata na kushona, mimi nakunja pindo, natia vifungo, napiga pasi na kugombana na watu.

Wifi ni fundi hasa. Ukivuka barabara tu mbele ya dirisha letu, kiuno chako keshakijua. Hana daftari la vipimo, vyote viko kichwani. Ila ana tabia moja: akiwa na hasira au huzuni, anajaza pini mdomoni ili asiweze kusema. Ukimkuta na pini mbili, zungumza naye. Ukimkuta na pini kumi, njoo kesho. Dawa zake anameza kila siku, kidonge kimoja, taarifa ya habari inapoanza. Mtangazaji hajamaliza kusema hamjambo, yeye keshameza. Miaka yote hiyo hajakosa, na kila mwaka kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kikisema havionekani. Mimi kwa upande wangu siwezi kumaliza dawa za kikohozi za siku tano, kwa hiyo namheshimu.

Basi, Bwana Bucha. Huyu aliingia maishani mwetu kwa njia ya suruali. Ana bucha lake mtaa wa pili, mgane, miaka arobaini na sita, mpana kama mlango wa ghala, mpole kupita kiasi. Siku ya kwanza alileta suruali iliyochanika gotini. Wiki iliyofuata akaleta nyingine, imechanika pajani. Ya tatu niliichukua nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaona mpasuko umenyooka sawasawa, hauna hata uzi uliopinda.

"Wifi," nikasema, "hii suruali haikuchanika. Imechinjwa."

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kumbe mzee mzima alikuwa anakaa buchani na kisu, anajichania nguo apate sababu ya kuja kwetu! Alipoishiwa suruali akaagiza shati. Wifi akamsimamisha katikati ya chumba, akampitishia futi kamba tumboni. Bwana Bucha alikuwa amebana pumzi mpaka masikio yamebadilika rangi.

"Mia na kumi na nne," wifi akasema, macho kwenye futi. "Na mimi naishi na VVU, mwaka wa saba, natumia dawa. Pumua."

Nilikuwa na pasi mkononi. Nilisahau kuinyanyua, na kola ya mteja mmoja ikaungua pale pale.

"Nipumue ndani au nje?" akauliza Bwana Bucha.

"Nje."

Akapumua. Tumbo likashuka kwa raha zake, futi ikasogea mpaka mia na kumi na tisa. Akaiangalia, akamwangalia wifi. "Hiyo ndiyo namba yangu ya kweli," akasema. "Na wewe umenipa yako. Sasa tunaweza kuongea."

Wakaongea mwaka mzima. Ukipenda boga, penda na ua lake, na huyu alipenda boga, ua, majani na mpaka uzio wa shamba. Wakakubaliana kuoana. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikawa naimba huku natia vifungo, na vifungo vyenyewe natia upande usio wake. Nilitaka wifi aolewe kuliko nilivyowahi kutaka kuolewa mimi mwenyewe. Alikuwa amekaa na huzuni ya kaka yangu vya kutosha.

Halafu kliniki wakaanza kuwapima homa ya ini wote wanaotumia dawa za VVU. Wifi akatolewa damu, na wiki iliyofuata akaambiwa ana virusi vya homa ya ini, ile aina ya B.

Nesi wetu pale kliniki ni mwanamke mwenye subira. Alituweka chini sote wawili akaeleza. Virusi hivi viwili hupita njia zile zile, damu, kujamiiana, mama kwa mtoto, ndiyo maana mwili mmoja huweza kuvipata vyote. Vikikaa pamoja, hiki cha ini hukimbia zaidi na kuliharibu ini kimyakimya. "Lakini wewe una bahati yako," akamwambia wifi. "Kidonge unachomeza kila siku kina dawa inayovishika vyote viwili. Ini lako zima. Usiache dawa, na mtu yeyote akitaka kukubadilishia, mwambie kwanza kwamba una homa ya ini. Ukiiacha ghafla, hicho kirusi kitaamka na hasira."

Mimi nilisikia: ini zima. Nikataka kumkumbatia nesi. Wifi yeye alisikia: viwili. Tuliporudi nyumbani alijaza pini. Sikuzihesabu, maana zilikuwa zote.

Alizitema jioni. "Wifi," akasema, "la kwanza nilimwomba alikubali. La pili nitamwomba kwa uso gani? Hata chumvi huwezi kwenda kuiomba mara mbili nyumba ile ile siku moja. Namwachia aende zake."

"Humwachii popote! Mwambie, akikimbia akimbie na miguu yake."

Akamwambia. Bwana Bucha alikaa pale pale kwenye kiti cha wateja, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Ini?"

"Ini."

Akainuka, akavaa kofia, akaondoka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nilianza kumlaani yeye, nikapanda kwa baba yake, nilikuwa nimefika kwa babu yake mzaa mama alipoingia mlangoni, siku ya nne asubuhi, na furushi limelowa damu.

"Shemeji," akaniambia huku anahema, "pisha meza."

Akafungua. Ini la ng'ombe, zima, linang'aa.

"Nimelitafuta siku tatu," akasema. "Nimezunguka machinjio yote. Hili ni la mtamba, hajazaa, amekula majani safi. Mimi maini nayajua, nayakata mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mtu akipungukiwa damu anaambiwa ale nini? Basi ini likiugua linatiwa ini. Nitaleta kila siku."

Lo! Na kila siku akaleta. Tulikula maini ya kukaanga, maini ya kuchemsha, maini na vitunguu, maini na maini. Wifi alikuwa anatafuna huku machozi ya kicheko yanamtoka, hataki kumwambia mtu wa watu kwamba amechoka. Paka wa jirani alihamia kwetu, akanenepa, akaacha kabisa kuwasalimu mapaka wenzake. Wiki ya pili mimi nikasema hapana. Nilimshika Bwana Bucha mkono wa shati nikamburuta mpaka kwa nesi, nikamwambia nesi, mweleze huyu kabla hajatuotesha pembe.

Nesi aliposikia, aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa faili, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akasema, "Baba, kipande kidogo mara moja moja hakina neno. Lakini ini halishonewi kiraka. Ukitaka kumsaidia mwenzako, asionje pombe, asikose dawa. Na wewe upime."

Akapima palepale, VVU na homa ya ini. Hana hiki, hana kile. Mimi pia nilipima siku hiyo, maana tunaishi nyumba moja na tunachomana sindano za kushonea kila kukicha. Sina.

"Vizuri sana," nesi akasema. "Basi nyote wawili mtapata chanjo. Sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na ya mwisho baada ya miezi sita."

Rangi ilimtoka Bwana Bucha kuanzia kipara.

"Sindano?"

"Sindano."

"Hakuna ya kumeza?"

Nikachomwa mimi kwanza, nimwonyeshe mfano. Nilipiga kelele kidogo, si sana. Kisha akakaa yeye, akafumba macho, akashika ukingo wa kiti. Nesi akachukua pamba yenye spiriti akampangusa bega, na papo hapo mtu yule mzima akaenda chini na kiti chake, na kabati dogo la vijitabu, na kalenda. Sindano yenyewe ilikuwa bado mezani! Aliangushwa na pamba. Tulimnyanyua watu wanne, mmoja wao mgonjwa, na akachomwa akiwa amelala, miguu juu ya mkoba wangu.

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini anayeanguka mbele ya benchi la wagonjwa haumbuliwi na kilio, anaumbuliwa na benchi. Mpaka jua linatua, mtaa mzima unajua Bwana Bucha kaangushwa na pamba. Hawakujua ni chanjo ya nini, na haikuwahusu. Wateja wakawa wanaingia buchani: "Nipimie nyama ya mchuzi kilo moja, na pamba kidogo."

Wifi aliposikia alicheka, akaacha kuzungumza habari za kumwachia aende. Akatoa kitambaa cha suti ya harusi, kijivu, kizito, kilichokuwa kabatini tangu wachumbiane. "Amechomwa ya kwanza, nakata," akasema. "Ya pili, naunga mikono. Ya tatu, natia vifungo. Asiyechomwa hashonewi." Akaanza pia kuweka sindano na pini zake kwenye kijimto chake mwenyewe cha kitambaa chekundu, asichanganye na zangu, akijichoma damu isinifikie. Ile hofu yake aliigeuza kuwa utaratibu, na kwenye utaratibu hakuna wa kumshinda.

Mwezi ukapita. Siku ya sindano ya pili ikafika, tukamsubiri Bwana Bucha saa tatu. Saa nne. Saa tano. Wifi alikuwa amekaa na koti lisilo na mikono mapajani. Akanyoosha mkono kwenye kopo la pini.

"Ziache!" nikamwambia. "Nakuja."

Mimi nikishikwa na hasira sitembei, napaa. Nilifika buchani nikakuta foleni ya watu kumi na wawili, nikaipasua. Siri ya wifi nilikuwa nayo kooni na sikuweza kuitoa mbele za watu, kwa hiyo nikasema tu, "Bwana wee, kuna koti linakusubiri!"

Mezani hakuna mtu. Nikaangalia vizuri. Nyuma ya ubavu wa ng'ombe uliokuwa unaning'inia, naona buti mbili nyeupe zimesimama kimya kama maji mtungini.

"Ng'ombe gani huyu anavaa buti?" nikauliza.

Akatoa kichwa. Akaninong'oneza, "Shemeji, wananiita Pamba."

"Kwa hiyo?"

"Fundi amebeba hayo yote miaka na miaka, hata huoni usoni. Mimi naanguka kwa kupanguswa. Mwanamke kama yule ataniheshimu vipi? Nikienda leo nitaanguka tena, na yeye atakuwepo anaona."

Hasira yangu ikaisha, ikabaki huruma, na mimi huruma naisema kwa ukali vilevile. "Mjinga wewe! Yuko nyumbani anadhani unamkimbia yeye!"

Alinitazama kama nimempiga kofi. Akafungua aproni, akanivika mimi shingoni, akanishikisha shoka, akatoka mbio na buti zake zenye damu, mtaa mzima ukapisha njia. Na mimi nikabaki na foleni ya watu kumi na wawili. Ningefanya nini? Niliuza nyama mpaka saa nane. Nilikata vipande ambavyo hata ng'ombe mwenyewe asingevitambua, na asiyeridhika nilimwonyesha shoka.

Ya pili akachomwa, nami nikachomwa yangu alasiri. Wifi alinisimulia baadaye kwamba alimlaza, akamshika sikio na kulivuta kwa nguvu, ili maumivu ya sikio yashughulikie akili. Hakuzimia. Jioni ile wifi aliunga mikono yote miwili ya koti bila kufumua hata mara moja.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na kelele za raha. Bwana Bucha anakuja kujaribu koti, anazunguka nalo mbele ya kioo halina kifungo, anauliza kama linampunguza tumbo, wifi anamwambia hilo tumbo halipunguzwi na koti. Gauni lake wifi alilishona mwenyewe kwa siri, ananifukuza chumbani, na mimi nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Ya tatu alichomwa akiwa amekaa wima, macho yamefumba, anahesabu kwa sauti kuanzia ishirini kurudi nyuma, akakosea njiani. Vifungo vilitiwa, nilivitia mimi, upande wake halisi. Kadi zikatawanywa.

Ikabaki kitu kimoja. Nesi alisema baada ya mwezi wapime damu, waone kama kinga imejengeka. Mimi nilipimwa, nimejaa kinga tele. Majibu ya Bwana Bucha yakatoka Alhamisi, siku tisa kabla ya harusi. Tulikwenda watatu tukicheka njia nzima, maana tuliona ni kwenda kuchukua karatasi tu.

Nesi hakucheka. "Baba," akasema, "kinga yako haikujengeka. Hutokea kwa watu wachache, zaidi wakiwa na umri na mwili mkubwa. Huna ugonjwa. Ila chanjo mwili wako umeipuuza."

"Sasa?"

"Sasa tunaanza upya. Tatu nyingine."

Wifi mkono ulimwenda kwenye kola kutafuta pini. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, hakukuwa na hata moja. Kwa mara ya kwanza ilibidi aseme.

"Basi," akasema. "Umejitahidi. Hakuna mtu amewahi kunifanyia hivi. Lakini mwili wako wenyewe umekataa, na sitaki siku moja uje uugue kwa ajili yangu. Nenda, Bwana Bucha. Sitakulaumu, wallahi sitakulaumu. Kadi nitazifuata mimi mwenyewe mlango kwa mlango."

Bwana Bucha hakuwa anamtazama. Alikuwa anahangaika na kifungo cha mkono wa shati, vidole vinene havikipati, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Kikafunguka. Akakunja mkono wa shati mpaka begani.

"Fundi," akasema, "mimi sikuja kwako kutafuta kinga. Nilikuja kutafuta mke. Kinga itanikuta nyumbani."

Kisha akamgeukia nesi. "Anza, dada. Anza kabla sijaiona hiyo pamba."

Wifi akasimama nyuma ya kiti chake. Akamfunika macho kwa viganja vyote viwili, akakiegemeza kile kichwa kikubwa tumboni kwake, akalia waziwazi mbele ya watu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya kumzika kaka yangu. Nesi akachoma huku anawakumbusha kondomu na kidonge cha kila siku, na mimi nikamwambia tumeshasikia, sisi si watoto, huku napenga kamasi kwenye skafu yangu mpya.

Harusi ilifungwa Jumamosi ile iliyoandikwa kwenye kadi, sindano mbili zikiwa bado.